Nyumba ya Nafaka na Nyumba ya Ng'ombe

  Leo sitaanza na dawa wala mbegu. Nitaanza na neno moja la Kiingereza. Msikasirike, wala msiseme bwana mifugo sasa amegeuka mwalimu wa shule. Vumilieni kidogo, mtaona neno hilo linavyoingia mpaka ndani ya zizi lako.

Nilikuwa Masieda, wilayani Mbulu. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekwisha, watu wanasimama kwenye vikundi kama kawaida yetu. Mzee mmoja akanijia na wajukuu wake wawili wanaosoma sekondari. Wajukuu walikuwa wanabishana. Mmoja anasema nyumba ya ng'ombe kwa Kiingereza ni "barn". Mwenzake anasema hapana, ni "stable". Mzee akaniuliza, "Bwana mifugo, hawa Waingereza ng'ombe wao wana nyumba ngapi?"

Watu wakacheka sana. Mimi nikacheka nusu, maana neno hilo la "barn" lina deni kwangu. Nitawaeleza deni lenyewe, kisha nitamjibu mzee.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa kijiji kimoja upande wa Hanang. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, nina kitabu kimoja cha Kiingereza cha ufugaji ambacho nilikiamini kuliko macho yangu. Kitabu kilikuwa na picha ya banda zuri: kuta za matofali mpaka juu, madirisha madogo, mlango mkubwa wa mbao, na chini ya picha limeandikwa neno hilo, "barn". Nikampelekea picha hiyo mama mmoja mjane aliyekuwa anafuga ng'ombe chotara. Nikamwambia, "Mama, hili ndilo banda la kisasa. Ukijenga hivi, ng'ombe wako hawatapigwa na baridi tena."

Mama yule alinisikiliza. Aliuza mtamba mmoja, akafyatua tofali, akanunua bati, akajenga kama picha ilivyo. Wanakijiji walikuja kutazama. Nilijisikia mtu mkubwa.

Ilipofika Julai, ndama wake wakaanza kukohoa. Wa kwanza alikufa kabla sijafika. Wa pili alikufa mbele yangu. Tulipompasua, mapafu yalikuwa mazito na mekundu, yamegandamana kama ini. Niliingia ndani ya lile banda asubuhi kabla mlango haujafunguliwa kwa muda mrefu. Nilipochuchumaa pale walipokuwa wanalala ndama, macho yalianza kuniwasha na machozi yakatoka. Bati lilikuwa linadondosha maji kama limenyeshewa, na nje hapakuwa na mvua. Ilikuwa ni pumzi ya ng'ombe wenyewe, imepanda juu, imekosa pa kutokea, imegeuka maji.

Mama hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, mimi naona uliniambia nijenge nyumba ya ng'ombe, nikajenga ghala."

Ndugu mkulima, maneno yale sikuyaelewa siku ile. Niliyaelewa miaka kadhaa baadaye, niliporudi chuoni kwa mafunzo mafupi. Jioni moja nilifungua kamusi kubwa ya Kiingereza katika maktaba ya chuo, nikatafuta asili ya neno lile. Nilichokikuta kilinifanya nikae kimya.

Haya basi, tulitazame neno lenyewe.

Neno "barn" ni la zamani sana. Limekuwako katika Kiingereza kwa zaidi ya miaka 1,000. Hapo mwanzo halikuwa neno moja bali mawili yaliyoungana. La kwanza ni "bere", maana yake shayiri, ile nafaka ya kutengenezea bia ambayo hata nyanda zetu za kaskazini imepata kulimwa. La pili ni "aern", maana yake nyumba au mahali pa kuwekea kitu. Ukiyaunganisha unapata nyumba ya shayiri. Kwa lugha yetu tungesema ghala! Yule mama, ambaye hakusoma Kiingereza hata siku moja, alilisoma neno vizuri kuliko mimi niliyekuwa na kitabu mkononi.

Mkulima wa Uingereza wa zamani alijenga nyumba hiyo ili nafaka yake ikae kavu, isinyeshewe, na apate sakafu ya kupuria wakati wa baridi. Nafaka haipumui sana, haikojoi, haikohoi. Ukuta mzima kwa nafaka si shida. Baadaye wakulima waliovuka bahari kwenda Marekani walikuta huko baridi kali yenye theluji. Wakafanya nyumba moja kubwa: majani makavu juu, ng'ombe chini, vyote chini ya paa moja. Ndipo neno la nafaka likahamia kwa ng'ombe. Na huko nako wafugaji walijifunza, wengine kwa hasara, kwamba nyumba ya namna hiyo lazima iwe na matundu makubwa ya kutoa hewa chafu.

Jambo la kushangaza ni kwamba neno hilo hilo lilifika hata kwetu Tanzania, lakini kwa mlango mwingine. Ukienda Tabora au Urambo, wakulima wa tumbaku wanalo jengo wanaloliita "bani". Mabani yale ni ya kukaushia tumbaku kwa moto. Ng'ombe haingii humo. Kwa hiyo unaona, neno moja, Uingereza lilikuwa la shayiri, Marekani likawa la ng'ombe na majani, Tabora likawa la tumbaku. Kila mkulima amelivalisha kazi yake. Kosa langu ni kwamba nililichukua la watu wa theluji nikamvalisha mama wa Hanang.

Sasa neno la mjukuu wa pili, "stable". Hili Waingereza walilipokea kutoka kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilipata katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Asili yake ni kitendo cha kusimama. Sisi tunasema malazi kutoka kulala. Wao walisema mahali pa kusimama, maana ndipo mnyama aliposimama akifungwa kamba akingoja kazi. Waarabu nao wanasema istabli, na asili yake ni hiyo hiyo. Leo Waingereza wanalitumia zaidi kwa farasi.

Lipo na la tatu, ambalo wajukuu hawakulitaja, "byre". Hili ni la wafugaji wa kaskazini mwa Uingereza na Uskochi. Wataalamu wa lugha wanalihusisha na neno la zamani la makao, yaani mahali anapoishi mtu. Na kweli, zamani Waingereza wengi walilala na ng'ombe wao chini ya paa moja. Zipo nyumba ndefu za mawe katika nyanda za Dartmoor mpaka leo zinazoonyesha jambo hilo. Watu walikaa upande wa juu wa mteremko, ng'ombe upande wa chini, katikati ujia. Na upande wa ng'ombe ulikuwa na mfereji wa kupeleka mkojo nje. Shika neno hilo: ng'ombe upande wa chini. Tutalirudia.

Basi mzee wangu wa Masieda, jibu lako ni hili. Ng'ombe wa Waingereza walikuwa na nyumba tatu kwa maneno: ya kuweka nafaka, ya kusimama, na ya kuishi pamoja na watu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoanza kwa kufikiria ndama wako.

Sasa tuje nyumbani, maana na sisi tunayo maneno yetu, nayo yanasema kitu tukiyasikiliza.

Ukisema zizi, unasema uzio. Miiba, mawe au nguzo zimezunguka, juu ni mbingu. Ukisema banda, unasema paa. Ukuta unaweza kuwapo au usiwepo. Ukisema boma, unasema ua mzima wenye watu na mifugo, tena wenye ulinzi. Ndiyo maana hata Mjerumani alipojenga ngome zake za kutawalia watu waliziita boma, na mpaka leo ofisi za wilaya tunaziita bomani. Ukisema kizimba, unasema mahali padogo palipozibwa, panapomfaa ndama au kuku. Kwa hiyo mtaalamu akija akakwambia "boresha makazi ya mifugo", usikubali aondoke kabla hajakueleza: anasema uzio, anasema paa, au anasema ulinzi? Pesa ya kila kimoja ni tofauti, na kazi yake ni tofauti.

Na Wairaqw, wenyeji wengi wa Mbulu, nyumba wanaiita "do". Nyumba ya zamani ya Wairaqw ilichimbwa ndani ya mteremko wa kilima, paa lake bapa limefunikwa udongo, hata mgeni akija kwa juu asiitambue haraka. Wazee wanaeleza kwamba ilikuwa kinga wakati wa kuvamiwa na kunyang'anywa mifugo. Ndani humo walilala watu, ng'ombe na mbuzi, na nafaka iliwekwa humo humo. Kwa neno moja, ile ilikuwa nyumba ya nafaka, ya kusimama na ya kuishi, zote tatu.

Nisikilize vizuri hapa, maana vijana wengine wanapenda kuicheka nyumba ile. Usiicheke. Ilikuwa na akili nne. Ilizuia mwizi. Ilizuia baridi ya Juni na Julai. Ilizuia fisi. Na iliweka samadi mahali pamoja, ikapelekwa shambani. Wakulima wa milima ya Kainam wamelima mashamba yale yale vizazi kwa vizazi, na samadi ya ng'ombe waliolala ndani ilikuwa nguzo mojawapo ya kilimo chao. Wachaga wa Kilimanjaro vilevile walifuga ng'ombe ndani, wakawaletea majani na migomba, wakarudisha samadi kihambani. Na kule kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, wakulima walichimba shimo sehemu ya nyumba, ng'ombe akalishwa humo, samadi ikajaa, ikatolewa kwenda shambani. Kwa hiyo akisema mtu kwamba kufugia ndani kumeletwa na wazungu, mwambie akaulize Ukara.

Lakini nyumba ile ilikuwa na madhara matatu, na hayo ndiyo yanayonifanya niseme leo tutenganishe.

La kwanza ni moshi na hewa nzito. Moshi wa kuni pamoja na harufu ya mkojo unaumiza mapafu ya ndama, na unaumiza mapafu ya mtoto wako anayelala humo humo.

La pili ni magonjwa yanayovuka kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu. Kifua kikuu cha ng'ombe kinaweza kumpata mtu kwa maziwa yasiyochemshwa, na pia kwa kuvuta hewa moja na mnyama mgonjwa. Ugonjwa wa kutupa mimba nao humpata mtu, ukampa homa zisizokwisha na maumivu ya viungo, hata akadhani ni malaria kila mara. Ng'ombe akitupa mimba, usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Zika kabisa, na mwite mtaalamu.

La tatu ni kupe na viroboto kuhamia vitandani.

Sasa utaniuliza, "Bwana mifugo, ukuta wa matofali uliua ndama, na nyumba ya zamani unasema tuiache. Tujenge nini?" Swali zuri. Kabla ya kuchukua jembe, jibu kwanza kwa kinywa chako: nyumba hii ni ya nani, naye anafanya nini humo?

Ng'ombe hakai bandani kusimama. Hapo neno la Warumi linatudanganya. Ng'ombe akipewa nafasi hujilaza saa 10 mpaka 14 katika siku moja. Anapolala ndipo anapocheua kwa utulivu na kupumzisha miguu. Ukimwekea mahali pa tope, atasimama usiku kucha, na asubuhi utalalamika maziwa yamepungua. Kwa hiyo nyumba ya ng'ombe ni malazi. Tena ni malazi ya mnyama anayetoa joto lake mwenyewe, anayepumua unyevu mwingi, na anayekojoa alipo. Adui zake ni upepo unaompiga moja kwa moja, unyevu chini, na hewa chafu. Baridi peke yake kwa ng'ombe mkubwa aliyeshiba na aliye mkavu si adui mkubwa. Kwa ndama mchanga aliyelowana, hapo baridi ni kifo.

Hebu tuanze kujenga.

Kwanza, mahali. Chagua mahali palipoinuka kidogo, penye mteremko mdogo, maji yasisimame. Banda liwe upande wa chini wa nyumba yako, kama wale wa Dartmoor, na liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, tena chini ya kisima na si juu yake. Usijenge kwenye njia ya maji hata kama ni kavu miaka 10. Sote tunakumbuka Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang vikaiangukia Katesh na vijiji vya jirani, watu wengi wakapoteza maisha. Maji yana kumbukumbu ndefu kuliko sisi.

Pili, upepo na jua. Simama mahali hapo asubuhi ya baridi, tazama upepo unatoka wapi. Upande huo weka ukuta mzima. Pande nyingine zijengwe mpaka kimo cha mita 1 tu, juu yake acha wazi au weka fito. Kwa nyanda zenye baridi kama zetu, urefu wa banda uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi liingie upande mmoja na la jioni upande wa pili, likaushe sakafu. Wenzetu wa sehemu zenye joto, kule chini bondeni, waelekeze mashariki na magharibi, ili mnyama apate kivuli mchana.

Tatu, paa. Lisiwe chini ya mita 2 upande wa chini kabisa. Nyasi zinafaa, bati linafaa. Ukiweka bati, acha nafasi pale juu kabisa hewa ya moto ipate kutoka.

Nne, sakafu. Hapa ndipo fedha yako iende, si kwenye kuta. Kama huna saruji, panga mawe bapa, jaza changarawe au moramu, shindilia mpaka iwe ngumu. Mteremko uwe sentimita 2 au 3 kwa kila mita moja, uelekee kwenye mfereji. Ukizidisha, ng'ombe watateleza. Sehemu ya kulala ng'ombe mmoja mkubwa wa chotara iwe mita 2 na sentimita 10 urefu, na mita 1 na sentimita 20 upana. Ng'ombe wa kienyeji anaweza kutosheka na pungufu kidogo. Tandika majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwa, au mabaki ya ngano kwa wenzetu wa Basotu.

Tano, ndama. Mpe kizimba chake, mita 1 na nusu kwa mita 1 na sentimita 20. Kikiwa na sakafu ya fito iliyoinuliwa sentimita 30 au zaidi kutoka chini, mkojo unapita na ndama analala pakavu. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 3, kwato zisizame. Kwa mbuzi, nafasi iwe sentimita 1 na nusu tu. Upande wa upepo ziba kabisa kwa mabanzi au udongo.

Sita, hori na maji. Hori liinuliwe, ng'ombe asikanyage chakula. Ndoo ya maji isikose.

Saba, samadi. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe, na sehemu kubwa ya potasiamu, imo katika mkojo. Ukiuacha uzame ardhini bandani, umetupa mbolea ambayo dukani unainunua kwa fedha. Mfereji uishie kwenye shimo, shimo lifunikwe kwa nyasi au matawi, jua na mvua visiinyonye samadi.

Najua swali linalofuata, maana huulizwa kila ninapokwenda. "Na wezi je?" Ndugu yangu, swali hilo ni la haki. Mtu hakulala na ng'ombe wake kwa kupenda harufu. Alilala naye kwa sababu ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, ni dawa ya mtoto, ni jembe la kukokotwa. Kwa hiyo sisemi umpeleke ng'ombe porini. Jenga banda ndani ya boma lako, hatua 20 au 30 kutoka mlango wako, mlango wa banda ukitazamana na wako. Kama huna budi kuwa karibu zaidi, liegemeze banda kwenye ukuta wa nje wa nyumba, lakini ukuta ule usiwe na tundu, na mlango wake uwe wa nje. Panda minyaa au mkonge kuzunguka boma. Mfunge ng'ombe mmoja kengele. Fuga mbwa, umchanje kichaa cha mbwa. Na zungumzeni na majirani juu ya ulinzi wa zamu. Hayo hayana saruji ndani yake.

Kabla sijaaga, nawapa vipimo viwili visivyohitaji mtaalamu wala fedha. Vifanye kesho asubuhi.

Kipimo cha kwanza: ingia bandani kabla hujafungua wazi, piga magoti pale anapolala ndama, hesabu taratibu mpaka 25. Ukisimama, tazama magoti yako. Yakiwa yamelowa, ndama wako analala majini.

Kipimo cha pili: ukiwa pale pale chini, kichwa chako kikiwa sawa na pua ya ndama, vuta pumzi. Macho yakiwasha, toboa ukuta siku hiyo hiyo. Usingoje mkutano, usiningoje mimi.

Laiti ningefanya vipimo hivyo kule Hanang kabla ya kushangilia matofali.

Mtapenda kujua mambo ya yule mama yaliishaje. Jumamosi mbili mfululizo tulikwenda, mimi, mwanawe na kijana jirani, tukabomoa nusu ya juu ya kuta tatu, tukaweka fito. Tofali tulizotoa tukazipanga chini kuwa sakafu yenye mteremko, maana chini palikuwa pa udongo mtupu. Ndama wa tatu alikuwa ameshaanza kukohoa. Alitibiwa, akapona, na baadaye akawa ng'ombe wa maziwa. Lakini wale wawili hawakurudi, na mtamba aliouzwa kwa ajili ya picha yangu haukurudi. Nilimwomba mama msamaha mbele ya mwanawe. Akaniambia, "Sasa nenda ukawaambie na wengine." Ndiyo kazi ninayoifanya hapa.

Waswahili husema, ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Maana yake zizi ni mahali pa mwisho pa kutumaini. Basi mahali anaporejea mwenye guu lililovunjika pasiwe mahali pa kumvunja la pili.

Kwa kumalizia, nataka mkumbuke mambo matatu. Moja: nyumba ya nafaka huzibwa, nyumba ya ng'ombe hupumua. Mbili: ng'ombe anahitaji mahali pakavu pa kulala, si mahali pa kusimama tu. Tatu: mtaalamu akikuletea neno au picha kutoka mbali, hata akiwa ni mimi, muulize kwanza limezaliwa wapi, na huko hali ya hewa ikoje.

Na nyinyi wajukuu wa Masieda, endeleeni kusoma Kiingereza, tena msome kwa bidii. Ila mkirudi likizo, chukueni jembe mkamsaidie babu kuchimba mfereji wa banda.

Nawatakieni kazi njema. Kwaherini.